Mwaliko Usiokatalika

Mkuu wa shule nchini Thailand anapomwambia mwalimu wa kigeni, kwa tabasamu na sauti ya upole, "Jumamosi tuna kambi ya Kiingereza, tutafurahi sana ukija," mwalimu yule hajui kama ameombwa au ameamriwa. Maneno ni ya ombi. Lakini jina lake limeshaandikwa kwenye ratiba, fulana yenye nembo ya shule imeshaagizwa kwa saizi yake, na wazazi wameshatangaziwa kwamba mwalimu wa kigeni atakuwepo. Nasaha ya leo ni ya vijana wetu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wanaofundisha Kiingereza Bangkok, Khon Kaen, Chiang Mai na kwenye miji midogo ambayo majina yake hatuyasikii huku. Ni ya wale pia ambao sasa hivi wanakusanya vyeti na kupigiwa mihuri ili wawafuate.

Siku ya mwalimu huko huanza mapema. Saa mbili kamili asubuhi bendera hupandishwa na wimbo wa taifa huimbwa, na mwenye zamu ya lango huwa ameshasimama pale kitambo akipokea watoto. Hufuata vipindi, kusahihisha madaftari, kukaa na watoto wakati wa chakula, kisha zamu ya jioni mpaka mzazi wa mwisho aje kumchukua mwanawe. Hayo yote ni kazi, na aliyeyakubali kwenye mkataba hana la kulalamika. Mgogoro huja na yale yanayoongezwa kimyakimya. Ujumbe kwenye kundi la walimu katika LINE, programu ya ujumbe wa simu, unaingia saa nne usiku ukitaka maswali ya mtihani yawe tayari asubuhi. Jumapili mwalimu anatakiwa kusimama kwenye duka kubwa akigawa vipeperushi vya shule. Likizo ya Oktoba, aliyokwisha kuipangia safari, inageuka kuwa wiki ya semina. Kila moja ukilitazama peke yake ni dogo, ndiyo maana kulikataa kunamfanya mtu aonekane mchoyo.

Kwa nini walimu hawa hukubali? Wengine watasema ni uoga. Mimi nasema tuitazame hali yao vizuri kabla ya kuwahukumu. Ruhusa ya kuishi nchini inafungamana na ajira: ajira ikikatika, ruhusa nayo inakatika. Asiye na leseni ya ualimu ya huko hufundisha kwa idhini ya muda kutoka Khurusapha, Baraza la Walimu la Thailand, na anayemwombea idhini hiyo ni shule yenyewe. Juu ya hayo, matangazo mengi ya kazi hutamka wazi kwamba wanatakiwa wale ambao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa. Kijana aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza Eldoret au Mbarara hudaiwa alama za mtihani wa TOEIC kuthibitisha kwamba anakijua. Mtu aliyeingia kwa mlango mwembamba namna hiyo huona kwamba kila "ndiyo" anayoitoa inamnunulia mwezi mmoja zaidi wa usalama. Tena ana malezi yetu. Tulifundishwa kwamba mkubwa akiomba jambo, mdogo haulizi malipo, na kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anakwenda ugenini akiwa tayari kulipokea jembe.

Malezi hayo simwambii ayaache. Namwambia ajue jembe la mgeni ni lipi na kibarua ni kipi.

Tuanze na jembe. Mwezi Juni, kwa kawaida siku ya Alhamisi, shule za Thailand hufanya Wai Khru, hafla ya wanafunzi kuwaheshimu walimu wao. Watoto hupiga magoti mbele ya walimu na kuwakabidhi maua yaliyopangwa kwa ustadi. Kuna ua la iksora, lenye tumba lililochongoka, la kuombea akili kali. Kuna ua la mbiringani, linaloinama, kwa ajili ya unyenyekevu. Na kuna ukoka, unaokanyagwa ukachipua tena, kwa ajili ya uvumilivu. Maandalizi yake yanaweza kula jioni mbili za mwalimu. Ndugu yangu, nenda. Kaa kwenye kiti chako, pokea maua, na kama umeambiwa uje siku ya mazoezi, njoo. Vivyo hivyo mwenzako wa ofisini akifiwa na mzazi, na watawa wakiwa wanasoma dua hekaluni jioni kadhaa mfululizo, chagua jioni moja ukakae nao hata kama huelewi neno. Si lazima uabudu wanachokiabudu. Kukaa na wafiwa tunakujua sote. Mwalimu anayefungua mkataba atafute kama msiba umetajwa humo amejinyima jambo kubwa kuliko saa mbili za jioni yake, na asije akashangaa siku akiugua asipate wa kumpeleka hospitali.

Lakini vipeperushi vya dukani si Wai Khru. Mizani yangu ina maswali mawili: faida ni ya nani, na nikikataa nitafanywa nini? Kinachomfaidi mwenye shule kwa kumletea wanafunzi wa kulipa ada, na ambacho ukikikataa mkataba wako hauhuishwi, ni kazi. Kutabasamu wakati wa kuagiza hakukifanyi kiwe hisani. Na kazi ina saa zake na malipo yake. Sheria ya Thailand ya Kulinda Wafanyakazi ya mwaka 1998 inaweka kikomo cha saa 48 kwa wiki katika kazi za kawaida na angalau siku moja ya mapumziko, na inataka kazi ya ziada ifanywe kwa ridhaa ya mfanyakazi, ridhaa inayoombwa kila mara, kwa malipo ya mara moja na nusu. Walimu wa shule binafsi wana sheria yao ya mwaka 2007, inayotaka stahiki zao zisiwe chini ya zile za sheria ya kazi. Mwalimu aliyeajiriwa kupitia wakala na aliyeajiriwa na shule moja kwa moja hawako chini ya utaratibu mmoja, kwa hiyo jambo la kwanza la kujua ni nani hasa mwajiri wako. Wengi hawajui. Wanajua tu nani anawatumia mshahara.

Sasa nije kwenye kosa linaloniuma zaidi, nalo ni letu wenyewe. Mwalimu huitikia "ndiyo, nitakuja" huku moyoni amekataa, kisha Jumamosi asubuhi anatuma ujumbe kwamba tumbo linamuuma. Kambi ina watoto tayari, na pengo lake ni lazima lizibwe. Linazibwa na nani? Si mkuu wa shule. Ni mwalimu Mthai, pengine mama aliyekuwa amepanga kwenda kumwona mtoto wake anayelelewa na bibi kijijini, na ambaye mshahara wake unaweza kuwa mdogo kuliko wa huyo mgeni anayeumwa tumbo. Wenyeji hawa wamebeba mengi. Kwa miaka mingi walimu wa shule za serikali walipangiwa hata zamu za kulinda majengo ya shule, usiku na wikendi. Ilikuwa mpaka Januari 2024, baada ya mwalimu wa kike kupigwa akiwa zamuni mkoani Chiang Rai, ndipo baraza la mawaziri likaufuta wajibu huo. Kwa hiyo kabla hujasema kwamba wageni ndio wanaoonewa, muulize jirani yako wa meza wikendi yake iliyopita aliipitisha wapi. Simaanishi kwamba mzigo wake unahalalisha wako. Namaanisha kwamba kinga unayojitafutia isiwe ni kumhamishia yeye, na udhuru wa uongo humhamishia kila mara.

Kukataa kwa heshima kuna adabu yake. Usikatae mbele ya watu. Kikao cha walimu si mahali pa kumpinga mkuu wa shule, si Thailand wala Tanga. Mwone ofisini, mapema, wiki mbili kabla ikiwezekana, na mkono wako usiwe mtupu: "Kambi ya Novemba nitakuja siku zote mbili. Hii ya Septemba siwezi, lakini nitaandaa michezo na kadi za maneno ili wenzangu wasihangaike." Kisha muandikie kwa ufupi mlichokubaliana, kwa maneno ya shukrani, uhifadhi nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari, na muda ni mali. Simu nayo iwekee mpaka tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu aliyekuzoea ukijibu saa nne usiku ataona ukimya wako wa mwezi wa nne ni dharau. Thailand yenyewe imeanza kulitazama jambo hili: marekebisho ya sheria yaliyoanza Aprili 2023 yanamruhusu mfanyakazi aliyekubaliwa kufanyia kazi nyumbani kukataa mawasiliano ya mwajiri baada ya saa za kazi. Nairobi nako, mwaka 2022, Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka muswada wa kumlinda mfanyakazi dhidi ya simu za baada ya kazi. Si Ulaya peke yake inayoumwa na jambo hili.

Na wewe ambaye bado hujapanda ndege, uliza kabla ya kutia saini. Jumamosi ngapi kwa muhula? Likizo ya Oktoba inalipwa, na ni yangu kweli au nitaitwa? Nikitakiwa kwenye matangazo ya shule, nitalipwa? Mwajiri anayekasirishwa na maswali hayo amekujibu tayari.

Wapo waajiri wasiosikia, hata uwaendee kwa upole namna gani. Hapo ondoka, ila ondoka kwa mlango. Maliza muhula, toa taarifa kwa muda ulioandikwa, kabidhi alama za wanafunzi. Wanaotoroka usiku na kuacha funguo chini ya zulia humwadhibu mtoto wa darasa la tatu anayekuja asubuhi kumsubiri mwalimu wake, na humharibia Mwafrika Mashariki atakayeomba nafasi hapo mwakani. Nasema hivi kwa shule yenye kero, si yenye uovu. Aliyenyang'anywa pasipoti au kunyimwa mshahara hana deni la muhula kwa mtu. Huyo aende kwenye idara ya kazi na kwenye ubalozi wake. Kenya ina ubalozi Bangkok.

Limebaki moja, na hili ni letu tuliobaki nyumbani. Tunamsikitikia kijana kwamba shule inamla muda wake wote, halafu sisi wenyewe tunampigia saa tatu usiku, tumeshakula na kujipumzisha, kumweleza habari ya ada, ya bati na ya harusi ya binamu. Saa tatu usiku Dar es Salaam ni saa saba usiku Bangkok, na saa mbili asubuhi anatakiwa amesimama mbele ya bendera. Anapokea kwa sababu ni mama, au kaka mkubwa, na hao hawakataliwi. Mpigieni saa kumi na moja jioni ya kwetu. Kwake itakuwa saa tatu usiku. Na kabla ya kutaja pesa, muulizeni kama amekula.