Haki ya Kila Nisba

Katika mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na makao yake makuu yakawa Bariadi, mkulima wa pamba huuza mazao yake kwa kupitia chama cha msingi cha ushirika, ambacho wenyeji hukiita AMCOS. Na humo mtu mmoja aweza kuwa mwanachama, muuzaji, mdaiwa wa pembejeo na mdhamini wa jirani yake, yote kwa wakati mmoja. Basi lazuka suala: je, ana nisba moja na wenzake, au anazo nyingi, na kila moja ina haki yake?

Atungaye daftari la chama kama hicho kwa Django, zana ya kuundia tovuti iliyotolewa kwa umma mwaka 2005, hukutana na suala lilo hilo. Akiunda jedwali la mikopo, na kila mkopo ukamwelekea mwanachama mara mbili, kwanza kwa ukopaji na pili kwa udhamini, asipokipa kila kiungo jina la kukirejea kutoka upande wa mwanachama, programu hukataa kuendelea. Kwani mwenye kuuliza mikopo ya mwanachama huyo hajulikani ataka ile aliyoikopa au ile aliyoidhamini.

Kuhusu nisba kama hizi, Ibn Sina, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, alifundisha ya kuwa ubaba umo ndani ya baba na uwana umo ndani ya mwana, wala si sifa moja iliyokaa ndani yao wote wawili. Nami naona kwamba hapo ndipo penye shina la uadilifu, kwa maana dhuluma nyingi baina ya watu wanaojuana hutokana na kuiacha nisba moja izimeze nyingine: aliyedhamini kwa hisani akihesabiwa kuwa ndiye aliyekopa, heshima yake imevunjwa, na mdaiwa akiufanya ujirani kuwa kinga ya kutolipa, ujirani wenyewe umetiwa doa.

Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara huamrisha deni liandikwe, na humpa mdaiwa, mwandishi na mashahidi kila mmoja wajibu wake. Amana ya mwandishi huyo leo imo mikononi mwa watunzi wa programu, nao wajue ya kwamba hesabu yaweza kutimia hadi senti ya mwisho, na bado ikamdhulumu mtu kwa kumwandika mahali pasipo pake.