Namba Moja kwa Watu Saba

"Fundi, weka namba moja tu. Vijana wangu ni saba. Nikimpa kila mtu ya kwake watazisahau, kila siku nitakuwa nakupigia simu."

Hayo aliniambia mama mmoja mwenye duka la simu Kariakoo, Ijumaa jioni, wakati namalizia kufunga mlango wa stoo yake ghorofa ya pili. Kazi yenyewe ilikaa vizuri: sumaku juu ya fremu, swichi ya kutokea kwa ndani, betri ya kushikilia umeme ukikatika, na nje vitufe 12 vipya. Mashine ile ina uwezo wa kubeba watumiaji 1,000. Mimi nikaingiza mmoja. Namba ya siri ikawa 2580, ule mstari wa katikati unaoshuka kutoka juu hadi chini, ambao kidole kinaufuata hata gizani. Namba kuu, ile ya kuongeza na kufuta watumiaji, nikaiacha kama ilivyotoka kiwandani, na kikaratasi chake cha maelekezo nikakitia kwenye droo ya kaunta. Nikalipwa, nikashuka ngazi.

Kosa la jioni ile lilikuja kumwangukia mtu ambaye wakati huo hata kuajiriwa alikuwa bado.

Miezi ikapita. Mmoja wa wale saba akaacha kazi, akaagwa kwa soda na keki, na namba ikabaki ileile, maana kuibadilisha kulitaka kuwafundisha upya wote waliobaki. Mwingine alipopanda na maboksi mikononi, mwenzake alimtajia kwa sauti kutoka chini, "Mbili, tano, nane, sifuri!", na wateja wamejaa kaunta. Ikafika mahali hata kijana anayeleta chai anaijua.

Jumatatu moja asubuhi katoni mbili za simu hazikuonekana. Mlango mzima, sumaku imeshika, hakuna hata mkwaruzo. Lawama zikamwendea kijana mdogo kuliko wote, mwenye miezi mitatu kazini, aliyefunga stoo Jumamosi. Akaapa kwamba Jumapili nzima alikuwa Mbagala kwenye harusi ya dada yake, na mashahidi wapo. Akajibiwa, "Basi ulimpa mwenzio namba." Neno hilo halina utetezi. Alilala kituo cha polisi siku mbili, akatoka kwa dhamana, na kazi ikaishia hapo.

Mama akanipigia. "Fundi, si uliniambia hii mashine inaandika kila anayeingia?"

Kweli nilimwambia. Nikaenda na kompyuta, nikatoa kumbukumbu zote, tukainama wawili juu ya kioo. Safu ya kwanza tarehe, ya pili saa, ya tatu namba ya mtumiaji. Jumapili, saa 3:12 usiku, mlango ulifunguliwa. Mtumiaji: 001. Nikapandisha juu. Jumamosi jioni, 001. Jumamosi asubuhi, 001. Ijumaa, 001. Miezi minane ya kuingia, mistari kwa mamia, na mtumiaji ni yuleyule.

"Huyu 001 ni nani?" akauliza.

"Ni ninyi nyote, mama. Hata wewe."

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, tena la kisasa, ila kila mstari tuliuandikia jina moja.

Kisha nikawasha tochi ya simu, nikavimulika vitufe kwa ubavu. Vinne vilikuwa vimefutika wino na kung'aa kwa mafuta ya vidole: 2, 5, 8 na 0. Sita vingine vya namba vilikuwa kama siku nilipovifunga. Namba ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000, lakini anayeviona vitufe vinne vilivyochakaa anabakiwa na mipangilio 24 tu. Kwa sekunde kumi kila jaribio, dakika nne zinamtosha. Na mimi sikuwa nimewasha ile kinga ya kuzuia vitufe baada ya makosa kadhaa. Aliyefungua droo na kusoma kikaratasi, naye angeweza kujiongezea namba yake tusijue. Walioweza kuufungua mlango ule hawakuwa tena saba. Hawakuwa na idadi.

Mama akakaa juu ya boksi, kimya. Halafu akampigia yule kijana palepale. Simu haikupokelewa.

Wiki chache baadaye nilimkuta Mtaa wa Kongo, ameshika kibao cha kava za simu. Nikamsalimia, nikamwomba radhi, nikamweleza habari ya 001. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kaka, kuniwekea namba yangu mwenyewe kungechukua muda gani?"

Nikamwambia ukweli. Nyota, namba kuu, reli. Namba ya mtumiaji, reli. Namba yake ya siri, reli. Dakika moja haifiki.

"Dakika moja," akarudia, kisha akamgeukia mteja.

Ndugu mwenye duka, mwenye zahanati, mwenye nyumba ya kupangisha, lishike hili kabla halijakufika. Wengi tunadhani namba ya kila mtu ni ya kumkamata mwizi. Kwanza ni ya kumlinda asiyeiba. Pale namba ni moja, siku ya wizi mwaminifu na mwizi wanavaa kanzu moja, na anayevuliwa hadharani ni yule mnyonge asiye na wa kumsemea.

Kwa hiyo, fundi akimaliza, mwambie abadilishe namba kuu mbele yako, uijue wewe na mtu mmoja unayemwamini. Kila mfanyakazi apewe nafasi yake na namba yake, ya tarakimu sita kama mashine inakubali, isiwe mwaka wa kuzaliwa wala mstari ulionyooka. Daftarini andika jina na nafasi: 004 ni fulani, 005 ni fulani, namba ya siri yenyewe usiiandike. Mtu akiacha kazi, futa nafasi yake siku hiyohiyo, wenzake hawaguswi. Washa kinga ya makosa. Futa vitufe kwa kitambaa kila wiki. Zima umeme mara mojamoja ujaribu betri, kwa sababu sumaku ikikosa umeme inaachia mlango. Na swichi ya kutokea isizibwe na maboksi, maana moto ukizuka hakuna wa kukumbuka tarakimu.

Stoo ile niliipanga upya bila kudai senti. Na tangu hapo, popote ninapofunga mlango wa namba, sishuki ngazi mpaka nimewaita wote watakaoutumia. Anakuja mmoja, wenzake wanageuza nyuso, anabonyeza namba aliyoichagua mwenyewe. Mlango ukimwitikia, naandika jina lake daftarini. Ile dakika ya kijana wa Mbagala siiachi tena.