Mtoto Aliyeanguka Wakati wa Kukimbia

Somo: 2 Samweli 4:4 na 9:1-13



Siku ya Mtoto wa Afrika inakaribia tena. Huadhimishwa kila tarehe 16 Juni tangu 1991, kwa uamuzi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ili kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976. Hapa makazini, shirika moja la Kikristo huwaandalia watoto wenye shida chakula na michezo, na kanisa huombwa kutoa watu wa kujitolea. Mwaka jana nilikuwa mmoja wao, na leo nina jambo la kuungama mbele yenu.

Niliwekwa langoni. Kanuni ilikuwa moja: kila mtoto aje mwenyewe, atiwe wino kidoleni, apewe sahani yake. Sikuilaumu kanuni hiyo. Chakula hununuliwa kwa hesabu, nasi tunajua kinachotokea kwenye foleni ya mgao mtu mmoja akichukua mara mbili. Basi akaja binti wa kama miaka tisa, kidole chake tayari kina wino, ameshika bakuli la plastiki. Akasema, "Baba Mchungaji, naomba ya mdogo wangu. Hatembei." Nikamjibu, "Mwambie aje, mwanangu." Akanitazama kidogo, akaondoka. Hakubishana.

Jioni tulikwangua masufuria. Pilau ilibaki, tukagawana sisi wa kujitolea, nami nikabeba sehemu yangu nyumbani. Nilipoketi kula ndipo neno lile liliponirudia: hatembei.

Wapendwa, Mefiboshethi mwana wa Yonathani alikuwa na miaka mitano habari za vita zilipofika. Mlezi wake alimbeba akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kilema miguu yote miwili. Wako kati yetu waliovuka Bunagana usiku wakiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Hawahitaji kuelezwa haraka ile. Na kina mama mnaojilaumu mpaka leo kwa yaliyompata mtoto njiani, tafadhali someni tena mstari huo. Biblia haimlaumu yule mlezi hata kwa neno moja. Alikuwa akiokoa maisha.

Miaka ikapita. Mtoto akawa mtu mzima, akiishi Lo-debari katika nyumba ya mtu mwingine, yaani nyumba ya Makiri. Hakwenda Yerusalemu kuomba kitu. Angekwendaje? Na jina la babu yake Sauli halikuwa jina la kutajwa ovyo mbele ya mfalme mpya. Ni Daudi aliyeuliza kama yuko aliyesalia, apate kumtendea wema kwa ajili ya Yonathani. Ziba akajua la kujibu: yupo, ni kilema, yuko mahali fulani. Ndipo Daudi akatuma watu wamlete. Hakusema, "Mwambieni aje."

Mimi nilisema.

Daudi alikuwa na nia njema, lakini bila mtu wa kumwambia nyumba ile iko wapi, Mefiboshethi angebaki Lo-debari. Shirika linaleta mchele, nyama na mipira. Halijui ni nyumba ipi, nyuma ya turubai lipi, kuna mtoto anayelala mchana kutwa. Sisi tunajua. Tunachota maji bomba moja, tunasikia kilio cha usiku. Wengine tumenyamaza kwa sababu wazazi huona haya, na wengine, tuseme kweli, kwa sababu tunasema maneno mabaya juu ya ulemavu, kwamba ni laana. Mtu wa namna hiyo asome sura ya 9 mpaka mwisho aone nani alikula mezani pa mfalme siku zote, miguu yake ikiwa vilevile.

Yule binti nilimtafuta wiki mbili. Nimeonyeshwa nyumba, nimemwona mdogo wake, na mama yao alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Nimezungumza na viongozi wa shirika, nao wamekubali: mwaka huu jina la mtoto asiyeweza kutembea litaandikwa nyumbani kwake, na siku yenyewe ataletwa.

Wa kumleta ni sisi. Jumamosi hii baada ya maombi ya asubuhi tutagawana vijiji. Mwenye baiskeli yenye keria imara aje nayo, na kina mama walete vitenge vya kubebea.

Mchungaji wenu