Tunahukumu Vifua Tusivyoviona

Kila ninapofika Suratul Hujuraat (49:12) darasani, wanafunzi hukubali haraka kwamba dhana mbaya ni haramu. Nikiuliza ni nani kati yao mwenye nayo, hakuna anayenyoosha mkono. Kila mtu anaamini kuwa yeye hadhani, anaona.

Mwaka 1967 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Jones na Victor Harris, walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Waliwapa insha kuhusu Fidel Castro, nyingine za kumtetea na nyingine za kumpinga, kisha wakawataka wakisie msimamo halisi wa mwandishi. Baadhi waliambiwa wazi kuwa mwandishi hakuchagua, alipangiwa upande. Hata hivyo bado walimwona aliyemtetea Castro kuwa anampenda zaidi kuliko aliyempinga, ingawa tofauti ilipungua. Yaani walijua mtu kaamrishwa, na wakamhukumu!

Sisi hatuhitaji hata insha. Muumini akitoka msikitini mara tu imamu anapotoa salamu, keshaitwa mnafiki. Huenda ni kondakta na daladala inamsubiri, au kaacha mgonjwa nyumbani. Lakini hayo yanataka kuulizwa, na "mnafiki" ni neno moja linaloeleza kila kitu bila ya kumsumbua msemaji. Akili ya mwanadamu huyapenda maelezo mafupi. Na ndoa ngapi zimevunjwa na maelezo mafupi ya mashemeji?

Wapo watakaosema: basi tuyatazame mazingira ya mtu. Ni vizuri, lakini haitoshi. Usama bin Zayd (r.a.) aliyatazama. Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa vitani alimuua mtu aliyekwisha kutamka shahada, akaeleza kuwa yule aliitamka kwa kuogopa silaha tu. Hebu tuseme kweli, nani kati yetu asingeridhika na maelezo hayo? Mtume (s.a.w.) hakuridhika. Alimuuliza iwapo aliupasua moyo wa mtu yule hata akajua. Wale wanafunzi waliyapuuza mazingira, Usama akayategemea, na pande zote mbili zikatoa hukumu juu ya kifua cha mtu mwingine. Mtume (s.a.w.) aliendelea kulirudia swali lile mpaka Usama akatamani lau angekuwa amesilimu siku ile tu.