Kutu Chini ya Rangi



Yako maswali ambayo tulipokuwa tukifundisha tuliyajibu upesi ubaoni, na leo katika kustaafu yanatusumbua. Mojawapo ni hili: je, muuzaji anayenyamaza tu, amedanganya?

Tulikuwa na pikapu kuukuu hapa Tanga, nasi tukaazimia kuitengeneza nyumbani, chini ya mwembe, tukisaidiwa na kijana ajuaye kuchomelea. Wakaao pwani wanamfahamu adui yetu. Kutu hutaka maji na hewa, na chumvi ya bahari huiharakisha. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila. Ndiyo maana rangi huvimba malengelenge kabla tundu halijaonekana. Ukilitoboa lengelenge kwa bisibisi, waweza kukuta bati lote limekuwa kama biskuti.

Kazi ya haki ni kukata mpaka kufikia chuma king'aacho, hata ikibidi kukata na kidogo kilicho kizima. Kisha huchomelewa kipande kipya cha bati, hupakwa rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, ndipo puti kidogo ya kusawazisha, msasa, na rangi ya mwisho. (Tangi la petroli litolewe kwanza na betri ifunguliwe, hili si la kubishania.) Kazi ya mkato ni kushindilia puti tunduni. Unyevu hupenya, kutu huendelea kula kwa nyuma, na nje gari linang'aa.

Hatuna budi kukiri kwamba tulifanya zote mbili. Madigadi tuliyatengeneza kwa haki, kwa kuwa yanaonekana. Sakafu ya kebini upande wa dereva, fedha zilipotuishia, tuliijaza puti, tukatandika mpira juu yake.

Akaja mnunuzi, baba mwenye watoto, aliyetaka gari la kubebea mihogo. Alilizunguka, akayagonga madigadi kwa vidole, akasifu. Habari za sakafu hakuuliza. Wala hakuja na fundi, kwa sababu, alisema, ananunua kwa mwalimu.

Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilipima jambo la namna hii. Farasi akiwa chongo, alisema, muuzaji halazimiki kutangaza, maadamu bei imepunguzwa ipasavyo. Mnunuzi ana macho yake. Lakini kasoro iliyofichika, iwezayo kuleta hasara au hatari, sharti isemwe. Kwetu sisi hesabu ilikuwa mbaya zaidi, maana kasoro ile haikujificha yenyewe. Sisi ndio tuliotandika mpira.

Wako watakaosema kwamba mnunuzi naye ana wajibu wa kuchunguza. Ni kweli, naye angechunguza kama angemkuta muuzaji asiyemjua. Jina letu la ualimu ndilo lililomfumba macho, nasi tulikuwa karibu kuliuza pamoja na gari.

Basi tuliuinua mpira, tukampa bisibisi. Ilizama mpaka kwenye mpini. Tukamtajia bei ya chini. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Na madigadi je, Mwalimu?"

Tukamjibu kwamba ni mazima.

Akaitikia kwa adabu, akaichukua ile bisibisi, akaenda kuyapima moja moja.