Kitoe Wiki Hii

Siku za kwanza za Januari 2008 Kenya ilikuwa inaungua. Matokeo ya urais yalikuwa yametangazwa tarehe 30 Desemba, serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na watu hawakujua barabara ipi inapitika wala kijiji gani kimevamiwa. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika habari za siasa kwenye blogu yake, akauliza hadharani: yupo fundi wa kompyuta awezaye kutengeneza ramani ya kuonyesha vurugu zinatokea wapi?

Mafundi wakajitokeza. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao hawakuwa wanakaa mji mmoja, wala hawakuwa na ofisi, bajeti au mtu wa kuwasainia hundi. Ndani ya siku chache tovuti ya Ushahidi ilikuwa hewani. Mwananchi anatuma ujumbe mfupi au anajaza fomu, taarifa inakaguliwa, alama inawekwa kwenye ramani.

Tazama mambo yalivyofuatana baada ya hapo. Mei mwaka uleule kazi yao ilishinda shindano la NetSquared na kupata dola 25,000. Baadaye Humanity United wakatoa dola 200,000, na mwaka 2009 Omidyar Network wakaongeza dola milioni 1.4. Haiti ilipokumbwa na tetemeko Januari 2010, programu hiyohiyo ndiyo iliyotumika kuonyesha watu walikokwama, na waandishi wa habari wa dunia nzima wakaitaja. Mwaka huo ikazaliwa iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia pale Nairobi. Ushahidi si kampuni ya kutafuta faida, lakini mpangilio huo ni wa kuukariri kichwani: kwanza kitu kinachofanya kazi, kisha tuzo, kisha wafadhili, kisha magazeti. Hakuna aliyepewa fedha kwa ajili ya ramani isiyokuwepo.

Nakusemesha wewe ambaye mpango wa biashara umeuandika ukaurudia, nembo unayo, kadi za jina unazo, na bado hajatokea hata mtu mmoja aliyetumia unachokijenga. Dada yangu, kaka yangu, kitoe. Kikiwa na sehemu moja tu inayofanya kazi, kitoe na hiyo moja. Kama malipo bado hujayaunganisha, weka lipa namba na mteja akutumie picha ya muamala. Kama mfumo wa oda haujakamilika, pokea oda kwa WhatsApp na uandike kwa mkono. Mteja hajali nyuma ya pazia pana nini, anajali shida yake imeisha.

Na mteja ndiye atakayekuambia unauza nini hasa. M-Pesa ilipokuwa kwenye majaribio Kenya kuanzia 2005, ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao. Wenye kuijaribu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Waliokuwa wakiisimamia waliliona hilo, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 iliuzwa kwa jambo moja: kutuma pesa nyumbani. Walikuwa karibu na watumiaji kiasi cha kuona.

Basi sogea karibu. Unatengeneza programu ya wenye maduka? Nenda Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi, omba kiti, ukae. Utamwona mama anauza kanga huku anapokea simu ya mteja wa Mbeya, anapiga hesabu kwenye kikokotoo kikubwa, anaandika deni nyuma ya boksi kwa sababu daftari limefunikwa na mzigo. Lile boksi ndilo unaloshindana nalo. Programu yako ikichukua muda mrefu kuliko kuandika nyuma ya boksi, ataiacha kesho yake, na atakuwa na haki.

Washirika nao wanapatikana hukohuko. Wengi wanakimbilia benki kubwa au kampuni ya simu, wanaishia kuzungushwa miezi. Anza na chama cha bodaboda cha kituo kimoja, SACCOS ya walimu wa wilaya moja, ushirika mmoja wa wakulima. Mwenyekiti wake anaamua kwa kikao kimoja, na wanachama wanamwamini kuliko watakavyokuamini wewe.

Waandishi wa habari hawana haja na kampuni yako, wana haja na habari. Usiwatumie kurasa za sifa. Andika mistari mitano: nani alikuwa na shida gani, sasa anafanyaje, jina na simu ya mteja aliyekubali kuhojiwa, picha mbili safi. Mwandishi mwenye saa chache kabla ya gazeti kufungwa atakushukuru, na siku nyingine atakutafuta mwenyewe.

Kwa mwekezaji nenda na daftari, hata la ukurasa mmoja. Wiki hii walilipa wangapi? Walioanza mwezi uliopita, wangapi wamerudi? Ukiwa na majibu hayo, na usajili wa kampuni yako BRELA, kama uko Tanzania, au kwa msajili wa nchi yako umekamilika, mazungumzo yanabadilika. Usigawe hisa ovyo kwa fedha ya kulipa kodi ya ofisi. Na ukiona wateja wanakuvuta kwingine, wafuate bila aibu. NALA ya Benjamin Fernandes ilianza Tanzania kama programu ya kurahisisha malipo ya simu, kisha ikageukia kuwasaidia walioko ughaibuni kutuma fedha nyumbani. Julai 2024 ilitangaza kupata dola milioni 40.

Wengine watakuambia soko letu dogo, vifurushi ghali, wateja hawaelewi teknolojia. Watu haohao walituma fedha kwa simu za vitochi wakati nchi tajiri bado zinaandikiana hundi. Wanaelewa vizuri sana. Wanangoja kitu kinachowafaa.

Jioni hii mpigie mwenye duka mmoja unayemfahamu. Usimweleze kampuni. Mwambie, “Shikamoo mama, kesho naomba nije nikae dukani kwako hadi saa sita, nione unavyouza.” Akikubali, fika saa mbili kamili, na simu yako iwe na kile ulichonacho sasa hivi, kama kilivyo.