Ibrahimu Aliuliza

Nilipokuwa napokea ndege uwanja wa Dodoma, mdomo haukuwa na kazi. Mapanga ya ndege aina ya ATR yakizunguka, hata umpigie mwenzako kelele sikioni hasikii. Mikono ndiyo iliyosema: ukiipishanisha juu ya kichwa, rubani anasimama. Na usipoiona ishara yake ya kujibu, husogei kwenye magurudumu.

Siku hizi ni mzee wa kanisa huku Buigiri, wilayani Chamwino, na swali linaloninyima usingizi ni la kanisani: mtii ni yule anayenyamaza?

Kwenye ndege tunadhani kelele ndiyo inayoua. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana ndani ya ukungu, wakafa watu 583. Redio ilichangia kweli. Mwongoza ndege na marubani wa Pan Am walisema kwa pamoja, na wa KLM, waliokuwa wakiambiwa wangoje kuruka, wakapata “OK” na mluzi. Lakini baada ya hapo mhandisi aliyekuwa nyuma ya kapteni wa KLM aliuliza kama wale wa Pan Am wameshatoka kwenye njia ya kurukia. Alisikika vizuri kabisa. Kapteni, mtu mzito kwenye shirika lake, akajibu kwamba wametoka, na ndege ikazidi kukimbia.

Douala, 5 Mei 2007, hapakuwa hata na mluzi. Kapteni wa Kenya Airways alitamka amri ya kuwasha autopailoti. Msaidizi wake, kijana wa miaka 23, hakuirudia, na autopailoti haikuwaka. Ndege ikalalia kulia polepole gizani hadi ikaanguka kwenye mikoko. Watu 114.

Kwetu Ugogoni mtoto akitumwa huondoka. Akiuliza mara mbili, ana kiburi. Mimbarini nako tunamsifu Ibrahimu wa mlimani, aliyemchukua mwanawe bila neno. Yule wa Sodoma hatumhubiri sana, aliyeuombea mji usiangamizwe, akamshusha Mungu kutoka wenye haki 50 hadi 10, akiomba radhi tena na tena na haachi. Majirani zangu Waislamu nao wanaye, katika sura ya Hud ya Kurani. Kama Mwenyezi anahojiwa na havunjiki heshima, mchungaji au baba mwenye nyumba anaupata wapi ukubwa wa kukataa kuhojiwa?

Mwenzangu mmoja barazani alinibana: Mungu hakosei, kapteni hukosea, usiwalinganishe. Sawa, Mungu hakosei. Ila sikio langu hukosea. Anayeirudia amri hamshuku aliyeitoa, anajishuku mwenyewe, na sijui unyenyekevu gani unaozidi huo.

Basi nikaomba kila uamuzi wa baraza urudiwe na mdogo wetu kabla ya sala ya kufunga. Mchungaji alicheka, akasema tutachelewa kula. Mara ya kwanza kijana aliporudia idadi ya bati za paa, wazee watatu wakamkatiza kwa pamoja, na kila mmoja alikuwa na idadi yake.